Treni Iliyofika Kabla ya Reli

Kwa wiki tatu daftari langu lilikuwa na kichwa cha habari, jina langu na namba yangu ya usajili, basi. Ilikuwa 2005, mwaka wangu wa tatu wa kusoma historia Mlimani, kama tunavyokiita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tasnifu ilitakiwa ikabidhiwe kabla ya mitihani ya mwisho. Kichwa nilikiandika kwa herufi kubwa na kukipigia mstari kwa rula: Historia ya Mkonge Tanzania, 1893 hadi 1967. Nilikichagua kwa sababu nimezaliwa Korogwe. Ukifungua dirisha la mashariki la nyumba yetu ni mkonge, ukifungua la magharibi ni mkonge, mistari iliyonyooka mpaka vilima vinapoanza. Niliamini kwamba kitu kilichonilea hakiwezi kunishinda kukiandika.

Kila asubuhi niliingia maktaba, sehemu ya East Africana, ambako vitabu na ripoti za zamani husomwa humo humo bila kuazimwa. Nilisoma kwa bidii. Nilinakili kwamba mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na kwamba iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Nilinakili kwamba miche hiyo ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na kwamba jina ambalo Wazungu wanaliita zao hilo limetokana na bandari ndogo ya Sisal, kule Yucatán, Meksiko. Kutoka kitabu cha Guillebaud cha 1958 kuhusu uchumi wa mkonge nilinakili jedwali baada ya jedwali. Nilinakili jinsi bei ilivyopaa wakati wa vita vya Korea, jinsi Tanganyika ilivyopata Uhuru ikiwa inaongoza duniani kwa kuzalisha mkonge, na jinsi Azimio la Arusha lilivyofuatiwa na kutaifishwa kwa mashamba mengi mwaka ule ule wa 1967. Madaftari mawili yalijaa. La tatu, lile lenye kichwa, lilibaki jeupe.

Ile miche 62 ndiyo iliyonitesa zaidi. Ni habari inayovutia mno: bahari nzima imevukwa, mia tisa na zaidi wamekufa njiani, na wale wachache waliobaki wakazaa mashamba yaliyofunika mkoa. Nilitaka kuanza nayo. Lakini kila aliyeandika kuhusu mkonge kabla yangu alikuwa ameshaisimulia, na mimi nikijaribu kuandika sentensi yangu nilisikia sauti zao. Sikuwa na la kuongeza. Niliketi pale na kalamu nikidhani tatizo langu ni kukosa maneno, nikafungua kitabu kingine, nikanakili tena.

Leo nami nasimamia wanafunzi wanaoandika tasnifu zao, na ninapowaona wamekwama hivi moyo wangu huenda kwao moja kwa moja. Nayajua maumivu yale. Mtu anasoma mpaka macho yanauma, anarudi bwenini amechoka kama aliyelima, na hana hata aya moja. Anajiona mjinga. Kumbe amekuwa akikusanya majibu ya maswali ambayo hakuyauliza yeye, na majibu ya namna hiyo hayashikamani, yanakaa kwenye daftari kama vyombo vya watu mbalimbali vilivyowekwa chumba kimoja.

Msimamizi wangu alikuwa mzee mpole mwenye tabia ya kusikiliza akiwa ameangalia dirishani. Nilimpelekea kurasa nne za pendekezo, kwa Kiingereza, lugha tuliyofundishiwa historia. Nilikuwa nimeandika maneno mazito kuhusu uchumi wa kikoloni na uhamaji wa nguvukazi. Alisoma zote. Kisha akaziweka kando na kuniuliza kwa Kiswahili:

“Unataka kujua nini?”

“Nataka kujua kuhusu mkonge, Mwalimu.”

“Mkonge tunaujua. Wewe hujui nini?”

Nikanyamaza. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nisichokijua. Tangu darasa la kwanza nilikuwa naulizwa ninachokijua, na nilifika chuo kikuu kwa sababu nilikuwa hodari wa kujibu.

“Kuna mtu yeyote unayemfahamu aliyefanya kazi kwenye mkonge?” akaendelea.

“Babu yangu. Alikuwa manamba.”

“Angekuwa ameketi hapa ungemuuliza nini? Useme kama unavyozungumza naye, usinitafsirie.”

Nilisema jambo la kwanza lililonijia. “Ningemuuliza alifikaje Korogwe kutoka Kasulu.”

“Unajua alifikaje?”

“Ndiyo. Alikuja kwa treni. Ametuhadithia mara nyingi.”

Mzee aligeuka kutoka dirishani. “Basi kahakikishe,” alisema, na kunirudishia kurasa zangu nne bila alama hata moja.

Nilitoka nimevunjika moyo. Niliona amenipa kazi ya mtoto. Habari ya treni ya babu ilikuwa sehemu ya nyumba yetu kama mlango: alitembea kutoka kijijini kwao Kasulu, katika nchi ya Buha, mpaka Kigoma, akapanda treni, treni ikamshusha Korogwe, akapewa namba na panga, akaanza kukata mkonge. Nani ahakikishe jambo kama hilo? Hata hivyo nilirudi East Africana siku ya pili yake, kwa utii tu, nikaomba chochote kilichohusu reli.

Ramani ilikuwa imekunjwa mwishoni mwa ripoti ya serikali ya miaka ya 1950. Niliikunjua taratibu kwa sababu mikunjo ilikuwa inaanza kukatika. Reli ya Kati ilionekana ikitoka Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Dodoma na Tabora, ikaishia Kigoma, ambako ilifika 1914. Juu yake ilikuwepo reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, mwaka ule ule wa miche ya Hindorf, ikipita Muheza, Korogwe na Mombo kwenda Moshi, na kutoka Moshi imeunganishwa na reli ya Kenya kupitia Voi. Nilipitisha kidole kutoka Kigoma kuelekea mashariki kutafuta mahali pa kupinda kwenda Korogwe. Hapakuwepo. Mistari ile miwili haikugusana popote.

Nilidhani ramani ina kasoro. Nikatafuta nyingine, nayo ikawa hivyo hivyo. Mchana huo nikapata nilichokuwa nakihitaji: reli inayounganisha Ruvu na Mnyusi, ambayo ndiyo iliyozikutanisha reli hizo mbili, ilifunguliwa 1963. Baba yangu alizaliwa 1958. Cheti chake cha ubatizo kinasema alizaliwa Korogwe, kwenye kambi ya shamba la mkonge, mtoto wa kibarua wa shamba hilo. Kwa hiyo babu alikuwa ameshafika, ameshaoa na ameshapata mtoto miaka mitano kabla ya kuwepo kwa njia ambayo treni yake ingeweza kupita.

Sikumbuki kama nilikula siku ile. Nakumbuka kwamba nilifungua lile daftari jeupe, nikakikata kile kichwa kilichopigiwa mstari, na chini yake nikaandika neno moja: Walifikaje? Halafu maswali yakaja yenyewe. Walishuka wapi? Nani aliwachukua kutoka hapo? Walilala njiani, na kama walilala, kwa gharama ya nani? Waliokufa njiani walizikwa wapi? Nilijua kutokana na kusoma kwangu kwamba wenye mashamba walianzisha mwaka 1944 shirika lao la kukusanya vibarua, lililofahamika kwa jina la SILABU. Nilikuwa nimelinakili jina hilo wiki mbili nyuma pamoja na mengine, likalala kwenye daftari. Sasa liliamka. Ghafla nilikuwa na sababu ya kulisoma: hao ndio waliokuwa na malori ya kuwabeba vibarua.

Hapo ndipo ninaposema utafiti wangu ulianza, na ningependa nieleweke vizuri. Wiki tatu za mwanzo hazikupotea, kwani bila kusoma kule nisingeijua SILABU. Lakini kusoma kukawa na uzito siku nilipokuwa na swali ambalo jibu lake lingeweza kunikosoa mimi mwenyewe. Mada ya mkonge isingeweza kunikosoa. Treni ya babu iliweza.

Mambo mengine ya utaratibu nayapitia kwa haraka kwa kuwa kila mwongozo wa chuo unayaeleza. Barua ya utambulisho niliipata. Kibali cha kusoma kumbukumbu za shamba moja sikukipata. Nilizungushwa siku nne kutoka meza hadi meza, mwishowe nikaacha. Nilitoa kopi ya ukurasa muhimu sana kuhusu mishahara bila kuandika umetoka kitabu gani, na nilipouhitaji nikashindwa kuutumia, nikaufungia nje ya tasnifu yangu huku ukweli wake ukiniuma. Tangu siku hiyo jina la kitabu na namba ya ukurasa huandikwa kwanza, kabla ya neno lolote. Wanafunzi wangu huniona nimezidi kwa jambo hili. Na wanione.

Kwa babu niliwahi kwenda mapema zaidi, katika zile wiki tatu, na hiyo safari ya kwanza lazima niisimulie kwa sababu iliharibika. Nilikwenda na redio kaseti ya kurekodia na orodha ya maswali niliyoyatafsiri kutoka Kiingereza. Tuliketi barazani, bibi akichambua mchicha pembeni.

“Babu, hali ya maisha ya wafanyakazi ilikuwaje?”

“Ilikuwa ngumu, mke wangu.” Ndivyo alivyozoea kuniita, kama babu wengi wanavyowaita wajukuu wao wa kike.

“Na uhusiano kati ya wafanyakazi na waajiri?”

“Haukuwa mzuri.”

Kanda ilikuwa ya saa nzima. Mazungumzo yetu yalichukua dakika kumi na moja. Mzee aliyeweza kutukesha kwa hadithi alinijibu kama anayejibu karani wa sensa, na kosa lilikuwa langu. Nilimuuliza maswali ambayo hayakuwa na mtu ndani yake. Hakuwahi kuishi ndani ya “hali ya maisha ya wafanyakazi”. Aliishi kambini, kwenye chumba cha wanaume wanne. Alikuwa na kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuandikwa, na mshahara haukuja mpaka kadi ijae. Aliziogopa sauti za korona, mashine inayokwangua majani mpaka zibaki singa, kwa sababu alishawahi kuona ilichofanya kwa mkono wa mtu. Haya yote aliyasema mwenyewe miaka mingi kabla, mimi nikiwa mtoto, bila kuulizwa.

Safari ya pili sikuwa na orodha. Nilikuwa na kopi ya ile ramani, niliyoiunganisha kwa gundi kutoka karatasi nne.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Umerudi na redio yako?”

“Nimerudi na ramani.”

Nilimtandikia mkekani. Babu hakusoma zaidi ya madarasa ya kanisani, lakini nilipomwonyesha Kigoma na ziwa alielewa mara moja. Nikamwongoza kidole chake juu ya reli, stesheni kwa stesheni, naye akawa anazitaja kabla sijazisoma: Uvinza, Tabora, Dodoma. Kisha nikamwonyesha Korogwe, juu, kwenye mstari mwingine. Nikamwambia reli ya kuunganisha ilijengwa 1963, baba akiwa ameshazaliwa. Sikumuuliza kwa nini alitudanganya, maana sikuamini kwamba alitudanganya. Nilimuuliza, “Hapa katikati mlipitaje?”

Alikaa kimya muda mrefu. Bibi aliacha kazi yake.

“Treni ilitushusha usiku,” alisema. “Jina la stesheni sikulijua. Asubuhi niliona milima mikubwa, karibu kabisa.” Akaweka kidole gumba kwenye nafasi tupu kati ya reli mbili. “Hapa ni lori. Tulisimama wima, hakuna pa kukaa. Handeni ndipo tulipopewa maji.”

“Mbona siku zote husema ulikuja kwa treni?”

“Treni nilipanda,” alisema. “Lori nilipakiwa.”

Bibi, aliyekuwa ameishi naye karibu miaka hamsini, akasema kwa sauti ndogo, “Hilo la lori ndiyo kwanza nalisikia.”

Nimeifikiria ile jozi ya vitenzi tangu siku hiyo. Kijana wa Buha alikata shauri mwenyewe, akaaga kwao, akatembea siku tatu, akapanda treni: yeye ndiye mtendaji wa safari yake. Usiku ule kwenye stesheni isiyo na jina alikabidhiwa kwa watu wengine, na kutoka hapo akawa mzigo. Alipokuja kutusimulia watoto na wajukuu zake, alisimulia sehemu aliyoitenda na kuifupisha ile aliyotendwa, mpaka treni ikafika Korogwe. Hakuna jedwali la Guillebaud ambalo lingenipa hilo. Wala nisingelipata kwa kuuliza kwa Kiingereza kisha kutafsiri, maana kila kitu kimebebwa na kiambishi kile kidogo cha kutendwa ndani ya neno “nilipakiwa”.

Nami nilitakiwa kuandika kwa Kiingereza. Nilirudi Dar es Salaam kwa basi, na nilipofika bwenini niliandika ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili, usiku mmoja, bila kusimama. Sikuanza na utangulizi. Nilianza na lori, kwa sababu lori ndilo nililolijua vizuri kuliko kitu kingine chochote, nikatoka hapo kwenda nyuma kwenye treni na kwenda mbele kwenye kambi. Utangulizi niliuandika mwisho, baada ya kuona nimeandika nini. Kuhamishia Kiingereza kulichukua wiki, na kwa vile vitenzi viwili nilitumia ukurasa mzima kueleza, kwani sikupata maneno mawili ya Kiingereza yanayokaa pamoja kwa ukaribu ule.

Nalieleza jambo hili la lugha kwa uchungu kidogo. Naona vijana wenye akili nyingi wanakuja kwangu na mapendekezo yaliyonyooka, mengine sasa yameandikwa na programu za simu, sentensi zote safi, vifungu vyote vipo: usuli wa tatizo, malengo, mapitio ya maandishi, mbinu. Nasoma mpaka mwisho nikimtafuta mtu aliyeandika, simwoni. Kisha naweka karatasi kando na kumuuliza kwa Kiswahili asichokijua. Mmoja, binti wa Kilwa, alikuja na mada pana kuhusu uvuvi endelevu. Tulipozungumza ikajitokeza kwamba anashangaa kwa nini mama yake, anayenunua samaki kwa wavuvi wale wale kila siku, hapatani bei na nahodha bali na mtu mwingine anayesimama pembeni. Alikuwa amelibeba swali hilo tangu utotoni bila kujua kwamba linaruhusiwa kuingia chuo kikuu. Linaruhusiwa. Hilo ndilo ninalotamani kila mwanafunzi aambiwe siku ya kwanza, na aambiwe na mtu anayemaanisha.

Tasnifu yangu nilimpelekea msimamizi mwishoni mwa muhula, ikiwa na jina jipya, refu na dogo kwa wakati mmoja: ilihusu vibarua kutoka Buha na njia walizopitia kufika mashamba ya Korogwe kabla ya 1963. Ilikuwa imepungua kutoka miaka sabini na kitu mpaka safari ya siku chache. Nilikuwa nimewahoji wazee wengine watano. Wawili walikuwa na treni iliyofika Korogwe, kama babu. Watatu walilikumbuka lori.

Mzee alisoma mbele yangu, ukurasa kwa ukurasa, mara hii akiwa ameipa dirisha mgongo. Alipofika mwisho alirudi kwenye sehemu niliyoeleza kwamba manamba wa mkataba alikuwa na haki ya kusafirishwa kurudi kwao muda wake ukiisha. Akaweka alama ndogo ya penseli pembeni, ya kwanza kuiona kutoka kwake.

“Babu yako hakurudi,” alisema.

“Hapana, Mwalimu. Yupo Korogwe mpaka leo.”

“Kwa nini?”

Nilifungua mdomo kujibu, nikaona sina jibu. Ijumaa iliyofuata nilipanda basi la Korogwe.